Nani Anamlisha Jemadari?

Vijana wanaobuni michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo wachezaji huketi kuzunguka meza na karatasi na dadu, kila mmoja akiwa mtu wa kubuni katika nchi ya kubuni, hufika mapema kwenye suala la jeshi. Nchi ina mfalme, ina mipaka, ina adui. Sasa askari wake waitweje, na nani amwamrishe nani? Jibu jepesi liko tayari. Mbunifu huchukua ngazi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), praiveti, koplo usu, koplo, sajenti, kisha luteni usu, luteni, kapteni, meja, kanali na kuendelea mpaka jenerali, akaivika panga na ngao badala ya bunduki, kazi ikaisha. Jibu hilo linaunyima mchezo utamu wake. Mbunifu wa Mtwara, au yeyote anayeiweka nchi yake ya kubuni kwenye pwani inayofanana na ile itokayo Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma, amezungukwa na vyeo vilivyokuwepo kweli, vya kisultani, vya misafara, vya kikoloni na vya wapigania uhuru. Akivichunguza ataona kwamba cheo ni makubaliano: nani anamlisha nani, nani anaweza kumwadhibu nani, na kwa mamlaka yaliyotoka wapi. Makubaliano hayo ndiyo yanayozaa visa, na mchezo wa kuigiza hauna chakula kingine.

Kosa la kukifanya cheo kuwa ngazi tupu lina asili yake. Michezo hii ilichipuka kutoka michezo ya vita ya mezani, ambayo nayo inatokana na mazoezi waliyofanyiwa maafisa wa Prussia mwanzoni mwa karne ya 19. Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani, ulimpa mpiganaji jina jipya kila alipopanda daraja, hadi kufikia ubwana wenye ngome yake. Kwa hiyo tangu mwanzo cheo na nguvu vilikwenda pamoja: aliye juu anapiga zaidi na anakufa kwa shida zaidi. Kama hesabu ya mchezo, utaratibu huo unafaa. Kama picha ya jeshi, haufai hata kidogo, kwa sababu katika jeshi lolote la kweli kuna mkubwa asiyejua kupigana na mdogo ambaye kikosi kizima kinamsikiliza yeye.

Tuanze na jemadari. Katika karne ya 19 Sultani wa Zanzibar alikuwa na liwali katika miji ya pwani, na pembeni ya liwali kikosi cha askari wa kukodi, wengi wao Mabaluchi, chini ya jemadari. Ukisoma cheo hicho kwenye orodha utadhani ni mkuu wa majeshi mwenye amri isiyopingwa. Richard Burton alipotoka pwani mwaka 1857 kwenda kulitafuta Ziwa Tanganyika, alisindikizwa na Mabaluchi wa Sultani chini ya jemadari wao, na kitabu chake kimejaa malalamiko kwamba amri ziligeuka mabishano juu ya chakula, nguo na zawadi. Burton aliona utovu wa nidhamu. Anayesoma leo anaweza kuona jambo jingine: mshahara wa Sultani ulikuwa mdogo, mwenyewe yuko mbali ng'ambo ya maji, na askari alilazimika kutafuta riziki yake kwa biashara na mikopo. Jemadari aliamrisha kadiri alivyoweza kuwapatia watu wake. Sultani Sayyid Barghash alilitambua tatizo hilo, na mwaka 1877 alimkabidhi Mwingereza Lloyd Mathews kazi ya kuunda jeshi jipya lenye sare, gwaride na silaha za serikali. Kwa hiyo Zanzibar ilikuwa na majeshi mawili ya bwana mmoja, la jemadari na la Mathews. Mbunifu mwenye macho ataona hapo ugomvi wa mwaka mzima wa mchezo.

Nje ya jeshi kulikuwa na vyeo vingine vilivyofanya kazi ya kijeshi. Misafara iliyotoka Mikindani, Lindi na Kilwa kwenda upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa na kirangozi aliyetangulia mbele na mnyapara aliyesimamia kundi la wapagazi. Mnyapara hakuteuliwa na mfalme yeyote. Kama watu wake wangetoroka usiku, asubuhi hana cheo, kwani cheo chake kilikuwa wale watu. Majini nako nahodha wa dau alitii mwenye chombo, lakini baharia wake mara nyingi walilipwa kwa fungu la faida ya safari, si kwa mshahara, na mtu anayengoja fungu hutii kwa namna tofauti na mtu anayengoja mshahara: anahoji njia, anahoji bei, anahoji kwa nini tunalala bandari hii siku tatu. Nchi ya kubuni yenye ghuba yenye kina kama ya Mtwara itakuwa na wanamaji, na swali la fungu au mshahara litabadilisha kila uasi utakaotokea ndani ya meli.

Mfano wa effendi unahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi. Mwaka 1889 Hermann Wissmann alipounda jeshi la kuzima vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, aliajiri Wasudani huko Cairo, watu waliokuwa wametumikia jeshi la Misri, nao wakaja na vyeo vyao vya Kituruki. Jeshi la Kijerumani la Afrika Mashariki likavirithi: askari, ombasha, shaushi, bash-shaushi, soli, na juu yao effendi. Kila hatua iliongeza tepe kwenye mkono wa koti, na effendi alikuwa afisa. Mpaka hapo ni ngazi safi ya kunakiliwa. Lakini effendi mwenye miaka ishirini ya vita hakuwa na amri juu ya Mjerumani yeyote, hata sajenti aliyeshuka melini wiki iliyopita. Ngazi zilikuwa mbili, na ya kwanza ilikatika hasa pale ya pili ilipoanzia. Waingereza nao, katika kikosi chao cha King's African Rifles (KAR), walikirudisha cheo cha effendi katika miaka ya 1950, kikiwa juu ya sajenti meja lakini chini ya maafisa wao. Idi Amin alikipata mwaka 1959, na mwaka 1961 akafanywa luteni. Tanganyika iliona gharama ya ngazi iliyokatwa. Tarehe 20 Januari 1964, zaidi ya miaka miwili baada ya uhuru, askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maafisa wa Kiingereza. Serikali ililivunja jeshi lile na kuunda jipya, JWTZ, tarehe 1 Septemba mwaka huohuo, likiongozwa na Mirisho Sarakikya, afisa kijana aliyesomea Sandhurst. Muundo wa vyeo ulikaribia kuiangusha serikali. Mbunifu anayetaka uasi wa kuaminika hana haja ya mchawi wala unabii. Inatosha aweke cheo ambacho mtu wa asili fulani hawezi kukivuka, kisha aache miaka ipite.

Kuna pia jeshi lililokataa ngazi. FRELIMO ilianza vita vya ukombozi wa Msumbiji tarehe 25 Septemba 1964, na Nachingwea, kilomita kama mia mbili kutoka bandari ya Mtwara, pakawa kambi yake kubwa ya mafunzo. Wapiganaji wake waliitana ndugu na kamaradi, walikuwa na makamanda na makamisaa wa siasa, lakini vyeo rasmi vya kijeshi vilikuja baada ya uhuru wa Msumbiji wa mwaka 1975, Samora Machel akawa marshali. Anayedai kwamba jeshi bila ngazi haliwezekani aangalie miaka ile kumi ya kuvuka Ruvuma usiku. Amri zilikuwepo, na zilitiiwa. Zilitegemea kazi aliyopewa mtu na imani waliyokuwa nayo wenzake kwake, na kazi ikiisha amri nayo inaisha. Ukiweka jeshi la namna hiyo mkabala na jeshi la tepe na nyota, wachezaji watajifunza tofauti zake bila kusomewa ukurasa hata mmoja.

Pingamizi la kwanza linajulikana. Mchezo ni burudani, watasema, na watu waliochoka na kazi hawataki somo la mishahara ya Mabaluchi. Wanataka kuwa majenerali. Pwani yetu imeshalijibu pingamizi hili kwa vitendo. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa, kisha Tanga, Dar es Salaam na kusini, watu walicheza ngoma ya beni: tarumbeta, sare, gwaride, na vyama vyenye vyeo vya kubuni, kingi, jenerali, kanali, kapteni, na kwa wanawake pia vyeo vyao. Katika Tanganyika vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa miaka mingi, na Vita Kuu ya Kwanza ikalisambaza beni pamoja na askari na wapagazi hadi Nyasaland na kaskazini ya Msumbiji. Huu ulikuwa mchezo wa kuigiza jeshi, uliochezwa kwa furaha na maelfu ya watu, na ulidumu kwa sababu cheo ndani yake kilikuwa na uzito. Mkubwa wa beni alitarajiwa kuchangia na kugharimia. Mwanachama alitoa ada na faini, na alipougua au kufiwa ugenini, wenzake walisimama naye. Maofisa wa Kiingereza waliwatazama kwa wasiwasi baada ya vita, kwani waliona utii ambao wao hawakuuamuru. Wacheza beni hawakuona kwamba majukumu yanapunguza raha. Jenerali asiyewajibika kwa mtu yeyote angewachosha katika wiki ya pili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linastahili heshima. Je, inafaa kucheza na vyeo vya askari katika ardhi hii? Kati ya 1905 na 1907 jeshi lenye ma-effendi na mashaushi lilichoma mashamba na maghala ya kusini wakati wa Majimaji, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Tarehe 25 Novemba 1917 kamanda wa jeshi hilohilo la Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji akiwa na Wazungu wapatao 300, askari wapatao 1,700, na wapagazi, wanawake na wafuasi wengine kama 3,000. Na si historia tu: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya mto huohuo upande wa Mtwara, kilishambuliwa na wapiganaji kutoka ng'ambo, watu wakauawa na nyumba kuchomwa. Mtu wa Kitaya ana haki ya kuuliza vita vya mezani vinamfaa nini. Nadhani swali lake ndilo linaloikataa zaidi ile ngazi tupu. Ngazi ya praiveti hadi jenerali inawataja wenye silaha pekee. Watu 3,000 wa Lettow hawamo. Mpagazi hakuwa na tepe, hakuwa na kipandio hata kimoja, na bila mzigo wake kichwani hakuna aliyevuka mto. Mbunifu anayeanza na swali la nani anamlisha jemadari atalazimika kumwandika mpagazi, atalazimika kuandika ghala la kijiji na mwenye ghala, na wachezaji wake watakapoamuru jeshi lipite bondeni watajua linakula cha nani. Sisemi mchezo utaponya jeraha lolote. Nasema unaweza kukataa kulificha.

La mwisho ni pingamizi la urahisi: mambo yote haya yataingiaje kwenye karatasi ya mhusika? Yanaingia kwa mistari minne chini ya jina la cheo: aliyekupa, anayekulisha, unayeweza kumwadhibu, anayeweza kukuvua. Mistari hiyo ikijazwa, majina yenyewe yanaweza kuwa yoyote, na hapo ndipo nafasi ya kuchota majina ya pwani bila kuyafanya mapambo. Chukua Mikindani kwa mfano. Aprili 1888 Sultani ameikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani. Septemba watu wa kampuni wamefukuzwa mjini. Mei 1890 Wissmann anafika na meli na askari wake. Ndani ya miezi hiyo ishirini, tangu Septemba ile hadi Mei, weka wahusika wanne. Jemadari amepewa cheo na Sultani, ila mshahara haujafika. Akida anawaongoza vijana wa mji waliofukuza kampuni, na hakuna aliye juu yake anayeweza kumvua. Mnyapara amerudi kutoka Nyasa na watu mia wenye njaa na bunduki. Effendi yuko njiani kutoka kaskazini, mstahiki kuliko wote kwa uzoefu wa vita, naye hawezi kumkatalia Mjerumani aliye mdogo wake kwa umri na maarifa. Mchezaji wa kwanza achague mmoja wao, na mwendesha mchezo amuulize, kabla dadu haijatupwa, watu wake wamekula nini jana.