Hisani ya Nani?

Chini ya picha nyingi katika magazeti na matangazo yetu utakuta maneno haya: “Picha kwa hisani ya mtandao.” Kila nikiyasoma najiuliza ni hisani gani hiyo. Hisani hutoka kwa mtu aliyeombwa au aliyejitolea, na mtandao hauchori. Mchoro una mwenyewe, huenda muda huu anahangaikia kodi ya nyumba.

Wenye nia njema huchanganya mambo mawili: kumtaja msanii na kupata ruhusa yake. Ukiuweka mchoro wa mtu kwenye jalada la kitabu chako bila kumwomba, kisha ukaandika jina lake kwa herufi kubwa, umekiri tu hadharani kwamba unamjua uliyemchukulia. Upande wa pili, unaweza kuulipia mchoro na bado ukamkosea mchoraji kwa kuifuta sahihi yake. Mkataba wa Berne wa hakimiliki, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama wake, unatenga haki mbili: ya kunakili, ambayo msanii anaweza kuiuza, na ya kutambuliwa kuwa ndiye mtungaji, ambayo hubaki naye hata akishauza ile nyingine. Wala kinga haingoji usajili au alama ya ©.

Tazama picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo wa uchoraji, alifariki Dar es Salaam mwaka 1972. Tanzania Bara, hakimiliki hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo muda wa picha alizochora kwa mkono wake uliisha mwishoni mwa 2022. Mtindo wenyewe haukuwahi kuwa na hakimiliki, kwani sheria hulinda mchoro, si namna ya kuchora. Yeyote anaweza kuchora chui wa madoadoa kwa rangi za kung’aa. Lakini chui aliyechorwa juzi Oysterbay na msanii aliye hai ni mali ya msanii huyo. Ukimpiga picha chui huyo kwa simu na kumchapa kwenye fulana ukidai “Tingatinga ni ya wote”, umekosea.

Wapo wasanii wanaotoa ruhusa mapema kwa leseni za Creative Commons. Soma herufi zake: BY, mtaje; NC, usifanyie biashara; ND, usisambaze uliyoibadilisha. Andika jina la msanii, jina la kazi, ulikoitoa, leseni yake, na kama umeigusa popote.

Kama mchoro hauna leseni ya namna hiyo na humpati mwenyewe, tafuta picha nyingine. Najua wahariri hukunja uso hapo, hasa gazeti likiwa njiani kwenda mtamboni. Ukimpata, mweleze unataka mchoro upi, utautumia wapi, kwa muda gani, na utamlipa nini. Akikubali, hifadhi jibu lake. Hapo andika “kwa hisani ya”, kisha jina la mtu.