Ufunguo Uliozama Mchangani

Kupoteza ufunguo si mchezo, hasa gari likiwa limejaa maembe ya kupeleka Wote, kule Makueni. Januari mjomba wangu alidondosha ufunguo wa Hilux yake kuukuu akichota maji kwenye kisima cha mchanga, mtoni Nzeeu, hapa kwetu Kitui. Tulichimba mpaka jua likatua. Wapi!

Asubuhi alimleta fundi wa funguo kutoka mjini. Swali la kwanza, "Mzee, kitabu cha gari kiko wapi?" Nilidhani anatudharau, kumbe anajikinga na wezi.

Alifungua mlango kwa waya, akatoa kitasa chake. Ndani mna vibati vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake. Ufunguo wa kweli husawazisha vibati vyote, kitasa kikazunguka. Kimoja kikizidi hata unene wa unywele, hakizunguki ng'o! Basi fundi alichukua ufunguo usiochongwa, akauchonga kwa tupa kibati baada ya kibati, huku akijaribu. Kwa hiyo Hilux, ufunguo wa mlango ndio huwasha injini. Magari ya siku hizi yana chipu ndani ya ufunguo. Uchonge utakavyo, injini haiwaki mpaka kompyuta ya gari iutambue.

Saa nane mchana injini ilinguruma. Tulitupa madebe mawili ya maembe yaliyooza, mengine yakaenda. Mjomba alichongesha ufunguo wa pili. Huo anao nyanya, kaufunga kwenye pindo la leso.