Rose Kabuye: Kutoka msituni hadi kuongoza Jiji la Kigali

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wanaovuka mpaka wa Kagitumba huwaza ushuru na bei ya mizigo. Ni hapo Oktoba 1, 1990, wapiganaji wa RPF walipoingia Rwanda kutokea Uganda. Miongoni mwa wanawake waliopigana vita hiyo ni Rose Kabuye.

Alizaliwa Muvumba mwaka 1961, akakulia ukimbizini Uganda na kusoma Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1986, NRA ya Yoweri Museveni ilipotwaa Kampala, alijiunga na jeshi hilo. Miaka minne baadaye alivaa gwanda kwa ajili ya kurudi kwao. Alipanda hadi Luteni Kanali, na kwa miaka mingi hakuna mwanamke aliyemzidi cheo katika jeshi la Rwanda.

Kigali ilipotekwa Julai 4, 1994, Kabuye alikabidhiwa jiji. Halikuwa na maji wala umeme, maiti zilikuwa zimezagaa na ofisi zimeporwa. Wakati huo huo wakimbizi wa tangu 1959 walimiminika kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Zaire, wengi wakaingia katika nyumba zilizoachwa wazi.

Mkataba wa Arusha wa 1993 ulikuwa umependekeza kwamba aliyekaa nje zaidi ya miaka 10 asidai mali yake iliyokwisha kuchukuliwa na wengine. Waliokimbia mwaka 1994 hawakuguswa na kipengele hicho. Waliporejea kwa mamia ya maelfu mwishoni mwa 1996, walikuta wengine wakiishi kwao. Kwa utawala wowote wa mji, kumtoa mmoja na kumrudisha mwingine ilikuwa kazi ngumu kuliko kufagia barabara.

Kabuye aliondoka ofisi ya jiji mwaka 1998, akaingia bungeni, kisha mwaka 2003 akawa Mkuu wa Itifaki wa Rais Paul Kagame.

Novemba 9, 2008, alikamatwa uwanja wa ndege wa Frankfurt, Ujerumani, kwa hati iliyotolewa na jaji wa Ufaransa, Jean-Louis Bruguière. Alituhumiwa kuhusika katika kutunguliwa kwa ndege Aprili 6, 1994, iliyoua Rais Juvénal Habyarimana na mwenzake wa Burundi, Cyprien Ntaryamira. Alikana. Maelfu waliandamana Kigali, na Balozi wa Ujerumani akatakiwa kuondoka.

Alipelekwa Paris, akafunguliwa mashtaka na kuachiwa kwa masharti, ambayo yaliondolewa mwaka 2009. Novemba mwaka huo Rwanda na Ufaransa zilirejesha uhusiano wa kibalozi uliovunjika mwaka 2006.

Desemba 2018, majaji wa Ufaransa waliifuta kesi nzima kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Familia za waliokufa zilikata rufaa hadi Mahakama ya Juu kabisa, ambayo Februari 2022 ilikubaliana na majaji hao. Hadi leo, hakuna mahakama iliyomtia mtu hatiani kwa kuitungua ndege hiyo.