Mwili Unaposhtuka: Utangulizi wa Elimu ya Msongo

Mwishoni mwa miaka ya 1890, Walter Cannon, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Harvard, alikuwa akitazama matumbo ya paka kwa eksirei ili ajue chakula kinavyosagwa. Kazi ilimharibikia kila paka alipohamaki au kuogopa: tumbo liliacha kujikunja na kujikunjua, likasimama hivyo mpaka mnyama apoe. Mwingine angetafuta paka wapole. Cannon aliigeuza kero hiyo kuwa swali, na mwaka 1915 akachapisha kitabu kizima kuhusu yanayoupata mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na ghadhabu. Kwa msomaji anayeingia katika elimu hii kwa mara ya kwanza, naona huo ndio mlango mzuri wa kupitia, maana tangu kizingitini anaona kwamba hofu haiishii kichwani.

Ubongo ukihisi hatari, neva huamsha tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, ziitwazo adrenali, nazo humwaga adrenalini ndani ya sekunde chache. Moyo huenda mbio, ini huachia sukari, damu hupungua tumboni ikaelekea kwenye misuli. Nyuma yake huja njia ya pili, ya taratibu: sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiagiza tezi ya pituitari, pituitari huziagiza adrenali, na baada ya dakika kadhaa kotisoli imeenea katika damu. Kisha kotisoli hiyohiyo hurudi ubongoni na kuuarifu kwamba sasa yatosha. Wanafunzi wengi hukariri nusu ya kwanza ya habari hii na kuisahau hiyo ya mwisho, ilhali madhara mengi tunayoyachunguza hutokea hapo, mwili unaposhindwa kuzima ulichokiwasha.

Siku hizi kotisoli imesingiziwa mengi, na wapo wanaouza majani na vidonge vya kuishusha. Wasiwahadae. Homoni hii ina ratiba yake: hupanda kuelekea alfajiri, hufika kileleni kama nusu saa baada ya mtu kuamka, na hufika chini kabisa karibu na usiku wa manane. Anayeikosa hufa asipotibiwa. Thomas Addison wa London aliueleza ugonjwa wa upungufu huo mwaka 1855, na kifua kikuu kinachoshambulia adrenali ni kimojawapo cha visababishi vyake vya tangu zamani. Kuisawazisha kotisoli, basi, ni kuiacha ipande asubuhi na ishuke usiku. Anayelala na kuamka kwa saa zinazoeleweka, akapata mwanga wa asubuhi na kuutembeza mwili, ameshafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Jina la pili utakalokutana nalo ni Hans Selye, aliyekuwa Montreal. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature: panya waliopata mateso ya kila namna, baridi, jeraha au sumu, walionyesha dalili zilezile. Adrenali zilikuwa zimetanuka, tezi za kinga zimesinyaa, na tumbo limepata vidonda. Mimi humsoma kwa heshima na kwa tahadhari, kwa kuwa nyaraka zilizofichuka baadaye zinaonyesha alipokea fedha za makampuni ya sigara, ambayo yalifurahi kusikia kwamba moyo unauawa na msongo. Na hivyo vidonda vya panya vilitufanya tuamini kwa muda mrefu kwamba mtu mwenye mawazo mengi ndiye hupata vidonda vya tumbo, mpaka Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipoonyesha katika miaka ya 1980 kwamba chanzo kikubwa ni bakteria. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Msongo una mkono wake humo, lakini mgonjwa wa vidonda apimwe kwanza bakteria, nasaha zifuate.

Sura ninayoipenda zaidi katika elimu hii imeandikwa kwenye nyika zetu. Kuanzia mwaka 1978 Robert Sapolsky, Mmarekani, alikuwa akienda Masai Mara kuwachunguza nyani, akiwalenga kwa sindano za usingizi zilizopulizwa kwa bomba ili awatoe damu. Nyani wa Mara wanapata chakula chao kwa saa chache tu. Muda unaobaki wanautumia kusumbuana. Aliona kwamba kundi likiwa limetulia, madume wa ngazi ya chini ndio wenye kotisoli ya juu hata wakiwa wamepumzika. Lakini usidhani kuwa mkubwa ni raha tupu. Utafiti wa nyani wa Amboseli uliochapishwa mwaka 2011, uliopima homoni katika kinyesi, ulikuta kwamba dume mkuu ana homoni nyingi za msongo kumzidi yule anayemfuata.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walizoea kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama iliyokuwa na kifua kikuu ikawamaliza. Waliobaki walikuwa majike na madume wapole, na kundi likabadilika: ugomvi wa kuwaonea wanyonge ukapungua, kusafishana manyoya kukaongezeka, na madume wa chini hawakuwa tena na dalili za msongo ambazo wenzao wa makundi mengine walikuwa nazo. Miaka mingi baadaye madume wageni waliohamia humo walikuwa wameshika desturi hiyohiyo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004.

Mtu akisema binadamu si nyani, mpe utafiti wa Whitehall, ulioanza mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali ya Uingereza. Wote walikuwa na mshahara na matibabu, lakini wa daraja la chini kabisa walikufa kwa kiwango cha takriban mara 3 ya wale wa daraja la juu, na uvutaji sigara ulieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Ndiyo maana sikubaliani na vitabu vinavyoishia kwenye mazoezi ya kupumua. Kupumua polepole, kama mara 6 kwa dakika, kunasaidia kweli, kwani kila pumzi inapotoka neva ya vagasi hupunguza kasi ya moyo. Lakini bosi anayetukana wafanyakazi wake asubuhi hatibiwi na pumzi zao.

Na wewe msomaji ambaye umechoka kwa wiki nyingi bila sababu, usikubali kuambiwa adrenali zako zimechoka. Wataalamu wa homoni hawautambui ugonjwa huo. Nenda ukapime damu, sukari na tezi ya shingo kabla ya kununua dawa yoyote.