Sanduku la kioo kwa hamsta: Hewa kwanza, urembo baadaye

MZAZI mmoja ninayemfahamu mtaani Buruburu, Nairobi, alimnunulia bintiye hamsta na kumtia katika tangi la kioo lililokuwa la samaki. Kwa kuchelea mnyama asitoroke, alilifunika kwa ubao na kuweka tofali juu yake. Wiki mbili hazikwisha kabla ya chumba kuanza kunuka mkojo, na msichana huyo, ambaye huugua pumu, akawa hapati usingizi kwa kukohoa. Baba mtu alilaumu kioo. Kioo hakikuwa na kosa; kosa lilikuwa ule ubao.

Hamsta ni mnyama wa jamii ya panya, mwenye mkia mfupi na vifuko mashavuni vya kubebea chakula. Hawa wa rangi ya dhahabu, ambao hufugwa sana, karibu wote ni wa uzao wa mama mmoja na watoto wake waliochimbuliwa karibu na mji wa Aleppo, Syria, mwaka wa 1930. Shimo lao lilikuwa na kina cha zaidi ya mita 2. Anayetafuta nyumba ya hamsta na akumbuke shimo hilo, kwani huyu ni mchimbaji.

Watafiti wa Bern, Uswisi, walichapisha mwaka wa 2006 matokeo ya jaribio ambapo hamsta waliwekewa matandiko ya kina cha sentimita 10, 40 na 80. Wale wa sentimita 10 walitafuna vyuma vya kizimba zaidi ya wenzao, ilhali wale wa sentimita 80 hawakuonekana wakivitafuna kamwe. Kutafuna vyuma namna hiyo ni dalili ya mnyama asiye na raha. Hapo ndipo kioo hushinda kizimba cha waya: waweza kujaza maranda sentimita 30 au zaidi bila ya kumwagika sakafuni, na vumbi linalomsumbua mwenye pumu hupungua chumbani.

Kuhusu ukubwa, madaktari wa mifugo wa Ujerumani wanaoshughulikia haki za wanyama wanapendekeza sanduku lisilopungua sentimita 100 kwa urefu, 50 kwa upana na 50 kwa kimo. Vile visanduku vidogo vya plastiki vyenye rangi za kupendeza havifai. Kumbuka pia kwamba hamsta wa dhahabu huishi peke yake. Ukiwaweka wawili watapigana hata kuuana.

Sasa turudi kwenye hewa. Mkojo wa mnyama ukikaa katika maranda hutoa amonia, gesi inayowasha macho na mapafu, ya mnyama na ya mtu. Katika tangi la samaki hewa huingilia juu tu, kwa hiyo mfuniko uwe wavu wa waya mtupu, na tangi lisiwe refu kwenda juu kuliko upana wake. Bora zaidi ni terariamu, yaani sanduku la kioo lenye milango mbele, kipande cha wavu chini ya milango hiyo na kingine juu, ili hewa ipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakikisha tu kwamba kizingiti cha mlango kina kimo cha kutosha kuzuia maranda. Faida nyingine ya mlango wa mbele ni kwamba mkono wa mtoto hauji kutoka juu kama mwewe. Hamsta aliyeshtuliwa kutoka juu huuma, na meno yake ni makali.

Fundi wa vioo anaweza kukuundia sanduku la namna hii. Mwambie asage kingo za kioo zisikate, kisha uliache wazi siku kadhaa mpaka harufu ya gundi ya silikoni, inayofanana na ya siki, iishe kabisa. Maranda yasiwe ya mbao zenye harufu kali kama mwerezi, ambazo hudhuru mapafu.

Matundu ya wavu yasizidi nusu sentimita. Sababu si hamsta kutoroka pekee, bali pia panya wa nyumbani kuingia. Panya hao wadogo hubeba virusi viitwavyo LCM, na hamsta huambukizwa nao. Mwaka wa 2005 nchini Marekani, watu wanne walipandikizwa viungo vya mtu mmoja aliyekuwa amefariki. Watatu walikufa, na uchunguzi ukafuata virusi hivyo hadi kwa hamsta wa nyumbani kwake. Kwa mtu mwenye afya ugonjwa huu mara nyingi hufanana na mafua, lakini kwa mja mzito unaweza kudhuru ubongo na macho ya mtoto aliye tumboni. Mama mwenye mimba asisafishe sanduku hilo kabisa.

Kusafisha kwenyewe si kazi kubwa. Hamsta wengi huchagua pembe moja ya kukojolea. Toa maranda ya pembe hiyo kila siku mbili na uache mengine. Usioshee vyombo vyake kwenye karo la jikoni. Kioo kioshwe kwa maji moto na sabuni, na ukoko wa mkojo utolewe kwa siki. Usimwagie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo mahali palipo na mkojo, kwani klorini ikikutana na amonia hutoa gesi ya sumu. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila amshikapo mnyama. Mwaka wa 2004 huko huko Marekani, watu kadhaa waliugua salmonela waliyoipata kwa hamsta na panya wa kufugwa.

Sanduku lisiwekwe dirishani. Jua likipiga kioo, ndani huwa kama tanuri, na kwa wenzetu wa Mombasa hata kivulini joto laweza kumzidi. Lisiwe pia katika chumba cha kulala cha mtoto, kwani mnyama huyu hukimbia kwenye gurudumu lake usiku kucha. Na kama nyumba yenu ina sisimizi au siafu, tia miguu ya meza katika mikebe ya maji, jinsi mama zetu walivyolinda kabati la nyama. Hamsta aliye ndani ya kioo hana pa kukimbilia.