Kazi ya Nyumba ya Majani Makavu

Watu wa vijiji, sikilizeni. Kule Lwiro, kaskazini ya Bukavu, mahali palipokuwa pa kazi ya IRSAC, shirika la elimu lililoundwa mwaka 1947, majani makavu yamehifadhiwa kabatini. Mtu atauliza: «Ni chakula cha mbuzi?» Sivyo. Ni kama kitabu cha mimea. Nyumba ya namna hii inaitwa herbariamu. Iliyo kubwa kupita zote katika Kongo iko Yangambi.

Karatasi inafanywaje? Mtu hukata tawi lenye majani pamoja na maua au matunda. Hulilaza katikati ya magazeti, huweka mbao na mzigo juu, na hubadili magazeti hata likauke. Kisha hulibandika na kuandika mahali, siku, urefu wa mti, jina la kijijini, na rangi ya ua, maana rangi hupotea.

Faida zake ni tatu.

Ya kwanza ni jina. Washi huita mubirizi mti mdogo wa majani machungu. Waganda huuita mululuza. Wenye elimu huuita Vernonia amygdalina. Karatasi yaonyesha kwamba ni mti mmoja tu. Hatari ni kinyume chake: mimea miwili yenye jina moja kijijini, mmoja dawa, mwingine sumu. Mtoto akinyweshwa ule wa pili, jina halitamponya.

Ya pili ni mafundisho. Mwanafunzi wa chuo kikuu huleta tawi lake, hulilinganisha na yale ya zamani, hupima jani na kuhesabu sehemu za ua. Hivyo macho yake yanazoea kutofautisha.

Ya tatu ni ushuhuda. Kule Katanga mmea mdogo, Haumaniastrum katangense, huota sana penye shaba. Watafutaji wa madini waliufuata. Lakini machimbo yakifunguliwa, msitu hukatwa na udongo hugeuzwa. Mimea ya mahali pale ikitoweka, karatasi tu itasema: «Ulikuwa hapa, mwaka fulani.» Kama hakuna aliyeihifadhi, hakuna shahidi.

Basi, mwanafunzi akija na magazeti yake na mbao zake, msidhani anatafuta dhahabu. Mpelekeni kwa wazee wanaojua dawa. Mwambieni jina la kweli na matumizi yake. Tena msinywe dawa ya majani msiyoyajua vema.