Ua Jekundu Liwe la Dhahabu

Sherikat iko ng'ambo ya mashariki ya Nile, pale barabara ya lami inapotoka Juba kuelekea Nimule na mpaka wa Uganda. Ni mtaa wa wasafiri na wafanyabiashara, na Kiswahili kinasikika kando ya Kiarabu cha Juba. Ukitengeneza kadi za harusi, programu za mahafali au albamu za picha kwa kompyuta katika mtaa kama huu, tatizo moja linakupata mapema: mapambo unayopakua, yaani maua, tepe, fremu na vipepeo, yamechorwa kwa rangi za sherehe za watu wengine. Pinki ya kitoto, zambarau iliyofifia. Mteja wako ameshanunua kitenge na anataka kadi ifanane nacho. Au anataka rangi za bendera ya Sudan Kusini kwa ajili ya siku ya uhuru, tarehe 9 Julai: nyeusi, nyekundu, kijani, nyeupe, bluu, na nyota ya dhahabu.

Kubadilisha rangi ya pambo kunachukua sekunde chache. Kulibadilisha likabaki na uhai wake ndiko kunakotaka ujuzi, na ujuzi huo wote uko kwenye mwanga.

Programu ya kuhariri picha huigawa rangi mara tatu. Kuna aina ya rangi, inayopimwa kwa digrii kwenye duara: nyekundu ipo 0, njano 60, kijani 120, bluu 240. Kuna ukolezo, yaani rangi imekolea au imefifia. Halafu kuna mwanga. Bonyeza Ctrl+U kwenye Photoshop au Photopea na utaviona vitelezi vyote vitatu. Kwenye GIMP vimo ndani ya menyu ya Colors. Wengi husogeza kile cha kwanza, wanaona ua limegeuka, wanahifadhi faili na kuendelea na kazi nyingine.

Kwa hesabu ya kompyuta, nyekundu kali, njano kali na bluu kali zote zina mwanga wa asilimia 50. Jicho la binadamu halikubaliani na hesabu hiyo. Kwa mizani iliyozoeleka tangu enzi za televisheni za zamani, katika kila sehemu 100 za mwanga tunaouona, kijani hubeba 59, nyekundu 30 na bluu 11 tu. Njano ya kwenye skrini ni nyekundu na kijani kwa pamoja, kwa hiyo inafika 89. Sasa chukua ua jekundu ulizungushe hadi bluu: linazama kutoka 30 hadi 11, na mikunjo ya petali inamezwa na giza. Lipeleke njano: linaruka hadi 89, petali za mbele zinapauka kabisa, na zile za kivulini zinageuka tope la kijani.

Hilo tope linawashangaza watu, lakini lina sababu yake. Nyekundu ukiitia giza inabaki katika ukoo wake. Inakuwa damu ya mzee, na bado inapendeza. Njano ukiitia giza inahama ukoo, inaonekana kama zeituni iliyokauka. Itazame pete ya dhahabu juani na utaona kwamba kivuli chake si njano yenye giza hata kidogo. Ni kahawia inayoelekea rangi ya chungwa, na pale jua linapopiga ni karibu nyeupe. Dhahabu moja ina rangi tatu ndani yake.

Kwa hiyo, ukitaka ua la dhahabu, achana na kitelezi cha kwanza. Tumia chombo kinachoitwa Gradient Map, kilichomo katika programu zote tatu nilizozitaja. Hicho husoma mwanga wa kila sehemu ya picha na kuipa rangi unayoitaka wewe. Mwisho wa giza weka kahawia iliyoungua, kwa mfano #5A3208. Katikati weka dhahabu, #D9A021. Mwisho wa mwanga weka krimu, #FFF3C4. Ua linatoka na vivuli vyake vya moto.

Utepe mweusi unataka njia nyingine. Ondoa ukolezo wote ubaki kijivu, kisha shusha mwanga, lakini usiufikishe kwenye weusi kamili. Hariri nyeusi huonekana kwa ung'avu wa mikunjo yake. Ukiifuta mikunjo hiyo, umebaki na shimo lenye umbo la utepe. Pambo jeupe nalo halisikii kitelezi cha kwanza, kwa sababu halina ukolezo wa kuzungushwa. Lipunguze mwanga kidogo kwanza, ndipo uwashe kisanduku cha Colorize.

Angalia pia kivuli kilichobandikwa chini ya pambo. Kikiwa ndani ya faili lile lile, nacho kitapakwa rangi, na kadi itakuwa na ua lenye kivuli cha chungwa juu ya karatasi nyeupe. Kizibe kwa maski, au tafuta pambo lisilo na kivuli uweke chako mwenyewe.

Marekebisho yote yaweke kwenye tabaka lake, pambo lenyewe usiliguse. Photoshop iliwezesha hilo kuanzia toleo la 4 la mwaka 1996. GIMP ilipata uwezo wa aina hiyo katika toleo la 3.0, mwaka 2025. Mteja akibadili mawazo usiku wa kuamkia harusi, na hubadili, unafungua tabaka moja tu.

Kuhusu kitenge: kipige picha kivulini mchana, pembeni ya karatasi nyeupe. Taa ya ndani hukipa rangi isiyo yake, na jua kali huipausha. Sawazisha picha mpaka karatasi ionekane nyeupe kweli, ndipo uchovye rangi ya kitambaa.

Kisha chapisha kipande kidogo kabla ya kazi nzima. Skrini huunda rangi kwa mwanga, printa huunda kwa wino, na bluu iliyokolea huponyoka kwa urahisi ikatoka zambarau. Ikitokea hivyo, irudishe digrii chache kuelekea samawati na uchapishe tena kipande kile kile, ukilinganishe na rangi uliyoikusudia.